Gari la Marehemu Linakohoa

Nianjema,
Bagamoyo.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa Kaka Farhan,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi Ashura, na kwamba mtoto ameshapona yale mafua aliyokuwa nayo mwezi uliopita. Mama amenisisitiza nianze na salamu, nami naanza nazo kwa moyo mmoja, maana yanayofuata hayana utamu.

Mama hajambo. Goti linamsumbua akisujudu, lakini hataki kusali juu ya kiti. Bado yuko eda, kwa hiyo dunia yote anaiona kupitia dirisha la jikoni na simu yake. Kila baada ya magharibi huuliza huko kwenu ni saa ngapi, na kila siku nikimjibu hushangaa kana kwamba ni habari mpya. Mvua bado. Visima vya mtaani vimeanza kutoa maji ya chumvi. Mnazi wa uani ulioupanda wewe umezaa, na nazi yake ya kwanza Mama aliikuna mwenyewe, hakutaka niiguse.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kaka, nikikupigia unaniambia, “Adila, niko kazini, fupisha.” Nikiandika kwenye kundi la ukoo, wote wamo na Baba mdogo Yunus yumo, na nitakayokueleza yanamhusu yeye. Samia, binti wa jirani yetu, anarudi Muscat Alhamisi, nami nitampa bahasha hii mkononi. Barua haiwezi kuambiwa ifupishe.

Nataka kukueleza habari za gari la Baba, tangu lilipoharibika mpaka leo. Unadhani unazijua. Unajua ulizoambiwa.

Mwezi wa Oktoba mkanda wa taiming, ule unaopanga mwendo wa injini, ulikatika Baba akitoka Makurunge, na gari likavutwa mpaka gereji kwa Hamidu. Injini ilibidi ifunguliwe. Baba akasema maadamu imefunguliwa, nozeli nazo zibadilishwe, zile nne zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, kwani za zamani zilikuwa zimechoka. Alikuwa ameshaanza kukonda wakati ule, lakini alikwenda Dar mwenyewe kuzitafuta. Akarudi nazo zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, akakaa barazani, akachukua msumari na nyundo, akagonga vitone vitatu juu ya kila moja. Nilimwuliza ya nini. Akasema, “Kitu kisicho na alama kina baba wengi.” Akazipeleka kwa Hamidu, na nilikwenda naye. Niliona kwa macho yangu zikifungwa kwenye injini.

Wiki ile ile akalala, na hakuinuka tena. Gari likabaki gereji likisubiri vifaa vingine, na sisi tukabaki hospitali. Mengine unayajua. Hukuwahi maziko, ndege ilikuchelewesha, nami sikulaumu kwa hilo. Nalitaja kwa sababu mbele litarudi.

Gari lilitoka gereji baada ya maziko. Wazo langu unalijua: ajira ya ualimu bado naisubiri, kule shuleni nafundisha kemia kwa kujitolea, na wale akina mama wa Saadani waliokuwa wakimpa Baba uduvi na kamba wakavu awapelekee Lugoba walikuwa wanauliza nani atakuja sasa. Nilisema nitakwenda mimi. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha gari lile lile, katika barabara ile ile. Sikuona cha ajabu.

Lakini gari lililorudi halikuwa lile lililokwenda. Asubuhi lilikataa kuwaka mpaka betri inachoka. Likiwaka, linatoa moshi mweupe unaochoma macho, kisha linatetemeka kama mtu mwenye homa, hadi kioo cha pembeni huoni ndani yake ila ukungu. Ukisimama injini ikiwaka, inagonga, inaruka, inagonga. Ukikanyaga mafuta inatulia kidogo, ukiachia inaanza tena. Mafundi wana neno lao, husema gari linamisi.

Nililirudisha kwa Hamidu. Alifungua boneti, akasikiliza, akafunga. “Dada, dizeli ililala siku nyingi. Litazoea.” Nikalirudisha tena. “Litazoea.” Mara ya tatu alinitazama miguu badala ya kutazama injini, akaniambia labda naachia klachi vibaya.

Neno hilo likatembea kuliko gari. Sijui nani alilipeleka wapi, ila jioni ile ile Baba mdogo Yunus alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha Baba, akasema kwa upole kabisa, “Ni mguu wako, Adila. Dizeli haitaki papara.” Wanaume wa barazani kwa jirani wakawa wakinisikia nawasha gari asubuhi wananipigia kelele: “Mwalimu, lisomee dua!” “Mwalimu, lipe zoezi la nyumbani!” Nilikuwa napita nikitazama mbele.

Kisha nawe ukatuma sauti kwenye kundi. Naikumbuka yote, lakini nitaandika sehemu moja tu: “Adila, gari si kitabu. Dizeli inataka mkono wa mtu mzima.” Shangazi zetu wakaweka vile vikaragosi vya kucheka. Mama alikuwa ameshika simu. Aliizima, akaifunika kifudifudi kwenye mkeka.

Siku moja nilitoka Saadani nimepakia viroba vya uduvi, na gari likanizimia kabla ya kufika mto Wami. Mvua ndogo ikapita, ile isiyo na faida kwa mtu yeyote, ikatosha tu kulowesha viroba. Mama mmoja alikuwa amepanda nami kusindikiza mzigo wake. Hakunigombeza. Alikaa chini kando ya barabara, akaunusa uduvi wake, akasema, “Baba yako hakuwahi kutuacha njiani.” Kaka, ningependa angenitukana.

Baada ya hapo ukaja uamuzi. Baba mdogo alikuwa amepata mtu wa Lugoba anayebeba kokoto, atalichukua gari lilivyo. Wewe ukiwa mkubwa wetu ukatoa ruhusa yako: kama halijatulia mpaka Shaabani iishe, liuzwe, na Adila aache kuhangaika. Nilikuomba muda, ukaniambia nimeshapewa. Kwa hiyo nilikuwa na mwezi mmoja tu kujua gari lina nini, ama niwaambie akina mama wa Saadani watafute mtu mwingine, na nirudi kukaa nyumbani nikisubiri jina langu litoke kwenye orodha ya ajira.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye arobaini ya Baba, kwa sababu huko ndiko ukweli uliposemwa, na sote tulikuwepo isipokuwa wewe.

Unamkumbuka Bi Mwaija, mtani wetu. Babu zake walishuka kutoka Unyamwezini na mizigo kichwani, wakabaki hapa hapa Bagamoyo, na tangu hapo hakuna Mzaramo wa mtaa huu anayezikwa bila wao kuja kutufanyia vituko. Siku hizi Bi Mwaija anauza chapati na maharage kando ya gereji ya Hamidu. Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha na watu wakisubiri chakula, alitokea amevaa koti la Baba la kazini, lile lenye mafuta, na kofia yake. Sijui nani alimpa. Akapanda kwenye gari lililokuwa limesimama uani, akashika usukani, akaanza kukohoa kama Baba alivyokuwa akikohoa siku za mwisho. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno.

“Jamani, mimi marehemu!” akasema. “Nimeomba ruhusa kidogo huko, nimesikia gari langu linaumwa. Nyie Wazaramo mmenizika kwa ngoma nzuri, lakini meno yangu mmeyapeleka wapi? Hili gari limekuwa kibogoyo! Huku kwangu linakohoa, kwa Yunus linaimba! Yunus, mdogo wangu, hebu cheka nikuone meno!”

Uani palilipuka. Na Baba mdogo Yunus alicheka kuliko wote, alicheka mpaka akafuta machozi na ncha ya kanzu yake, akamwambia, “Mnyamwezi wewe, njaa inakusumbua,” akaagiza apewe sinia zima la pilau. Bi Mwaija akashuka na sinia lake. Mimi sikucheka, lakini si kwa sababu nilielewa. Nilikuwa nimekasirika kuona koti la Baba. Niliingia ndani kwa Mama nikamwambia watani hawana adabu. Mama akasema ndiyo kazi yao.

Sikuliwaza tena neno lile. Nani huliwaza neno la mtani? Tumelelewa hivyo: analosema mtani msibani hulijibu, hulikasirikii, unalipa kwa chakula likaisha.

Basi nilipopewa mwezi mmoja, niliamua kufanya kama ninavyowafundisha wanafunzi maabara: usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana hutajua kipi kimekujibu. Nilianza na dizeli. Nikaimwaga yote tangini, nikanunua nyingine kituo kingine, nikaweka chujio jipya. Gari likamisi vile vile. Kisha nikafikiri kwamba linavuta upepo, yaani hewa inaingia pamoja na dizeli. Nikaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, nikawasha, nikatazama. Kweli vipovu vilikuwa vinapita. Nikafuata mipira yote kwa mikono mpaka nikapata mmoja wa kurudishia dizeli umepasuka kwenye kona pasipoonekana. Nikaubadilisha. Kaka, asubuhi iliyofuata gari liliwaka mara moja tu! Nilikaa kwenye usukani nikalia. Lakini kutetemeka kulikuwa pale pale. Tatizo moja lilikuwa limejificha nyuma ya jingine.

Nikatazama taiming. Nilihofu walifunga mkanda jino moja mbele au nyuma, maana hiyo nayo hugongesha injini. Nilifungua kifuniko, nikalinganisha alama zote na kitabu cha gari alichokuwa nacho Baba. Zilikuwa sawa. Hapo Hamidu hakukosea, na nasema hivyo kwa haki.

Ndipo nikafanya lile nililoliogopa. Injini ikiwa inawaka, unachukua spana, unalegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli moja, kidogo tu, dizeli ivuje isiingie. Ikiwa silinda ile ilikuwa inafanya kazi, injini inadhoofika papo hapo. Ikiwa ilikuwa imekufa, hakuna kinachobadilika. Nilivaa miwani ya maabara na glavu, maana dizeli ya pampu inaweza kutoboa ngozi. Ya kwanza, mwendo wa injini ukaanguka. Nikakaza. Ya pili, hakuna. Nililegeza zaidi, hakuna. Ya tatu ikaanguka. Ya nne ikaanguka kidogo kwa uvivu.

Nikazima gari, nikafungua nozeli ya kwanza na ya pili, nikazibadilisha mahali. Nikawasha tena, nikajaribu tena. Sasa iliyokufa ilikuwa silinda ya kwanza. Ugonjwa ulikuwa umehama na nozeli. Nozeli mpya, alizozifuata Baba kwa miguu yake ya mgonjwa, zisingeweza kufa upesi hivyo.

Nilizifungua zote nikazifuta kwa kitambaa. Zilikuwa na kutu ya miaka. Nilitafuta vile vitone vitatu kwa macho, kisha kwa ukucha, kisha kwa mwanga wa simu. Havikuwepo, kwenye moja wala kwenye nyingine.

Nilizipanga zote nne chini pale uani. Halafu nikasikia ile sauti ya Bi Mwaija, kana kwamba ndiyo kwanza inasema: huku kwangu linakohoa, kwa Yunus linaimba.

Unajua lile gari la Baba mdogo analobebea wanafunzi lina injini ya aina hii hii. Mwaka jana lilikuwa linatoa moshi mpaka wazazi wakalalamika. Tangu Novemba halitoi. Tulikuwa tukilipongeza.

Nilikwenda kwanza kwa Bi Mwaija. Alikuwa anasukuma chapati. Sikumsalimu vizuri, na aliliona hilo.

“Shikamoo haipo siku hizi, Mzaramo?”

“Shikamoo. Bi Mwaija, yale ya siku ya arobaini, uliyaona?”

Hakuacha kusukuma. “Mimi nakaa hapa tangu alfajiri. Naona nani kaleta nini, na kipi kimetoka gari gani kikaenda gari gani. Macho sikuyakodisha.”

“Kwa nini hukuniambia mimi peke yangu?”

“Peke yako ningekuwa mmbeya,” akasema. “Mbele ya watu wote, siku ya arobaini, mimi ni mtani. Mmbeya hupigwa, mwanangu. Mtani hupewa pilau. Nilisema mbele ya ukoo mzima, nikamtaja kwa jina, nikawaambia na meno ni ya nani. Mkacheka. Mlitaka nilie?”

Akanipa chapati mbili nimpelekee Mama.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa Baba mdogo wakati yeye yuko msikitini. Mama mdogo Shufaa alinikaribisha chai, nikamwambia nataka kutazama kitu kwenye gari. Nilifungua boneti. Sikuhitaji hata spana. Vitone vitatu, vitone vitatu, vitone vitatu, vitone vitatu. Vimepigwa kwa mkono ule uliokuwa umeanza kutetemeka, cha mwisho daima kimeenda pembeni kidogo. Niliviwekea kidole.

Baba mdogo alinikuta hapo hapo, ametoka kuswali, kanzu nyeupe. Alitazama boneti, akanitazama mimi, akajua.

“Ingia ndani, mwanangu.”

“Nitasema hapa hapa, Baba mdogo. Hizi ni za nani?”

“Za kaka yangu. Na mimi ni nani kwa kaka yangu?”

“Mwizi haulizi hivyo.”

Mama mdogo alishtuka akaingia ndani. Baba mdogo hakupandisha sauti, na hilo ndilo linaloniuma hata sasa. “Gari la kaka lilikuwa limelala gereji,” akasema, “na mwenyewe amelala hospitali. Langu linabeba watoto wa watu. Nikamwambia Hamidu, toa kule weka huku, zangu weka kule zishikilie nafasi. Kaka akiamka ningemwambia. Hakuamka.”

“Na mimi? Ulinisikia nikiambiwa sijui kuendesha. Wewe ndiye uliyeanza kusema.”

“Hamidu ndiye aliyeanza.”

“Wewe ulilimaliza.”

Akakaa juu ya tairi bovu lililokuwa pale. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. “Neno likishatoka, Adila, mtu anajikuta anatembea nalo. Nitazirudisha. Hamidu atazifunga Jumatatu. Lakini tusivuane nguo mbele za watu. Wewe gari utapata. Mengine yaache yalale na marehemu.”

Nilikwenda nyumbani nikamweleza Mama kila kitu, nikiwa na hakika kwamba atasimama nami. Alikuwa anakuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mbuzi haikusimama.

“Atazirudisha?”

“Ndiyo, lakini Mama…”

“Basi. Nani alishuka kaburini na baba yako? Nani alimlaza kwenye mwanandani? Farhan hakuwepo. Yunus ndiye aliyempokea, akamgeuza uso kuelekea kibla kwa mikono yake. Mikono hiyo nitaiita ya mwizi mbele ya watu, nami niko eda ya huyo huyo aliyemzika?”

Nimesoma vitabu vingi, na hakuna hata kimoja kinachosema la kufanya na mtu aliyemzika baba yako vizuri kisha akakuibia na kukusingizia. Nilinyamaza. Nilikubali. Nilidhani nanunua gari kwa kunyamaza.

Jumatatu Hamidu alizifunga. Hakunitazama usoni. “Dada, mimi ni mtu wa kuambiwa,” akasema, “mzee kaniambia toa hapa weka pale.” Alipowasha, sikusikia kitu kwa nukta kadhaa, nikadhani halijawaka. Liliwaka, Kaka. Lilikuwa linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Kioo cha pembeni kilitulia, nikaona ndani yake njia yote niliyotoka.

Jioni ile Baba mdogo akatuma sauti kwenye kundi. Unayo mpaka leo, isikilize tena ukimaliza kusoma. “Alhamdulillahi, gari la marehemu limepona. Nimekaa na binti yetu Adila, nimemwelekeza jinsi ya kwenda na dizeli, sasa mguu umekuwa mwepesi. Tumshukuru Mungu.” Wote wakashukuru. Nawe ukajibu, “Ahsante sana Baba mdogo, bila wewe tungepotea. Basi lisimamie wewe, ufunguo uwe unalala kwako. Adila akitaka kwenda Saadani aombe.”

Hiyo ndiyo bei ya ukimya wangu. Nimepewa nozeli, nimenyang’anywa gari. Na aliyeninyang’anya si yeye, ni wewe, kwa kutokujua.

Sikuandikii ili ugombane naye. Mama atakufa kwa aibu, na sitaki. Sitaki hata utaje nozeli. Nataka mambo mawili, na yote yamo mikononi mwako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wa watoto wa Baba. La kwanza, ruhusa ya kuuza uiondoe, na ufunguo useme ukae nyumbani kwa Mama. La pili, lile neno lako, gari si kitabu, ulirudishe. Ulirudishe pale pale uliposema, mbele ya wale wale waliocheka. Ukinipigia kwa siri kuniomba radhi, nitashukuru, lakini haitakuwa kitu. Nilidhalilishwa hadharani, nami sina koti la kuvaa nikapanda gari nikasema ukweli wangu watu wakanipa pilau.

Ufunguo bado ninao. Baba mdogo ametuma mtu kuuliza, nikasema nitaupeleka. Sijaupeleka. Kesho nakwenda Saadani. Viroba vinanisubiri, na yule mama aliyeunusa uduvi wake kando ya barabara amekubali kupanda nami tena, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyenifanyia mwaka huu. Sikuomba ruhusa ya mtu. Ukisoma haya nitakuwa nimekwenda na kurudi, na sidhani kama gari litakuwa limenizimia.

Mama anakusalimu na anasema usiache kula vizuri. Shangazi wote wanakusalimu. Mama mdogo Shufaa anakusalimu, alinishika mkono juzi sokoni. Baba mdogo Yunus naye anakusalimu sana, alinikumbusha mara mbili nisisahau. Nisalimie wifi, na umbusu mtoto.

Bi Mwaija pia amenituma. Anasikia unarudi kwa hitima ya mwaka, na anasema amekuandalia utani wako. Akianza, Kaka, usikimbilie kucheka. Sikiliza kwanza.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, amrehemu Baba, na asitufanye tuwe watu wa kuogopa ukweli kuliko tunavyomwogopa Yeye.

Ni mimi mdogo wako, ambaye majuma haya amejaribu kuacha kukupenda na ameshindwa,

Adila